Maswali ya Bustani: Jakaranda Isiyochanua na Mengine

*Jakaranda yangu ina miaka 6 tangu niipande kwa mbegu. Majani tele, ua hata moja sijaona. Kila mwaka naipogoa na kuitilia samadi. Tatizo ni nini? – Msomaji, Njoro*

Usikate tamaa, wala usikate mti. Jakaranda ya mbegu huweza kukaa miaka 7 au zaidi kabla ya kuchanua. Hata hivyo, panga na samadi yako vinaichelewesha zaidi. Maua yake hutokea kwenye ncha za matawi. Ukizipunguza kila mwaka unaondoa mahali penyewe pa maua, na mti unajibu kwa kutoa fito ndefu zilizosimama wima, majani matupu. Tena fito hizo huharibu umbo la mti, na kulirudisha ni kazi. Ondoa tu tawi kavu, linalosuguana na jingine, au linalokugonga kichwa ukipita. Lifyeke karibu na shina, bila kuacha kisiki na bila kuchubua gome.

Samadi nayo ina nitrojeni nyingi, na nitrojeni hulisha majani. Acha kabisa kuitia, pamoja na mbolea ya CAN, ambayo nayo ni ya nitrojeni. Kama mti uko katikati ya nyasi unazozirutubisha, jua mizizi yake inakula hapo hapo. Maji pia yaache: mti wa umri huo hujitafutia, na kipindi cha ukavu huusaidia kuchanua. Mwisho, angalia kivuli. Jakaranda inataka jua la moja kwa moja saa 6 kwa siku au zaidi, kwa hiyo iliyobanwa na migrevilea ya jirani itarefuka tu.

*Nimepanda mikrismasi miwili (ile miti ya maua mekundu, flamboyant) hapa Ahero. Nilichimba shimo la futi 3, nikajaza udongo mzuri na mboji. Mvua ilipokolea majani yakawa manjano, mmoja ukafa. – Msomaji, Ahero*

Shimo ndilo lililoua. Kwenye udongo mweusi unaonata wa tambarare ya Kano, huko kwenu Ahero, shimo lililojazwa udongo laini hugeuka karai: maji yanaingia, hayatoki, mizizi inakosa hewa na kuoza. Usiongeze mchanga kidogo ukidhani utasaidia. Ukichanganyika na mfinyanzi huo hugandamana zaidi. Inua tuta la duara, upana mita 1.5 na kimo sentimita 40, kwa udongo wa hapo hapo uliochanganywa na debe moja la mboji, kisha panda juu yake. Chimba mfereji mdogo wa kuondoa maji. Matandazo yakae sentimita 10 mbali na shina, la sivyo mchwa watapata njia.

Ukiotesha mingine, mbegu zina ganda gumu. Zimwagie maji yaliyotoka kuchemka, ziache usiku kucha, panda zilizovimba. Zilizobaki zikwaruze kwa msasa urudie. Na uhesabu mita 8 hadi 10 kutoka nyumbani, maana mizizi hutambaa juu juu na kupasua sakafu.

*Ploti yangu ni ndogo. Kibobakasi (Nandi flame) kitafaa karibu na nyumba? – Msomaji, Kakamega*

Hapana. Matawi yake ni mepesi kuvunjika, na dhoruba za Kakamega mnazijua. Panda franjipani: kata tawi la sentimita 30 wakati wa kiangazi, likaushe kivulini wiki moja hadi utomvu ukauke, ndipo ulichomeke. Ukilipanda bichi litaoza. Vaa glavu, utomvu huo huwasha.