Uliza Fundi: VX ya oto kuigeuza manuali

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mfanyabiashara wa asali, nakaa Tabora mjini huku Isevya, mzigo naufuata Sikonge na kule Ipole ndani ndani kwenye mapori. Nina Land Cruiser VX ile ya 80, ya mwaka 1994, injini 1HZ dizeli haina taabo, giaboksi ya oto. Toka masika yaliyopita ikipata moto haishiki, unakanyaga mafuta injini inalia tu gari haiendi, ukiipumzisha nusu saa inarudi kama hamna kitu. Fundi wangu anasema dawa ni kutoa oto tufunge giaboksi ya manuali ya Land Cruiser Hardtop, anayo moja stoo, eti inaingia tu na kazi ni siku tatu. Shemeji yangu anasema nikifanya hivyo nimeiua gari, hakuna atakayekuja kuinunua. Nimsikilize nani? Na mafuta yatapungua? (Muuza asali, Isevya)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pole na porini, najua ile raha ya gari kukugomea saa kumi jioni na ndoo za watu ziko nyuma.

Kabla hujamsikiliza fundi wala shemeji, hebu chungulia hiyo oto kwanza, maana nimeona watu wanatoa giaboksi nzima kumbe tatizo lilikuwa haidroliki (ile oili ya giaboksi ya oto) imepungua lita mbili. Tembea na gari mpaka ipate moto kweli, simama sehemu tambarare, handibreki juu, mguu kwenye breki, pitisha gia zote kutoka P mpaka L taratibu halafu urudi P, injini usizime, ndo uchomoe stiki ya haidroliki uipanguse kwenye kitambaa cheupe. Wengi wanapima injini imezima halafu wanasema ipo ya kutosha, hapo unajidanganya. Ikiwa nyekundu na safi ila iko chini ya alama, tafuta inapovujia, una bahati yako. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, basi zile klachi za ndani zimeshakwenda, hata ukimwaga haidroliki mpya leo utaendesha wiki mbili tu. Na ikiwa na rangi kama juisi ya rosela mtu kaichanganya na maziwa, hapo maji ya rejeta yameingia, kwasababu haidroliki ya oto inakwenda kupozewa kule chini kwenye tenki la rejeta na kile kipoozeo kikitoboka vinabadilishana. Hiyo ya maji ni mbaya zaidi, klachi za ndani zina gundi na zile karatasi zake zikilowa zinabanduka.

Kwa dalili ulizosema, kushika ikiwa baridi na kuteleza ikipata moto, nakisia presha ya ndani imechoka, haidroliki ikipata moto inakuwa nyepesi na presha inakimbia kwenye sili zilizolika. Na naomba uniruhusu nikulaumu kidogo. Ndoo moja ya asali ya lita 20 ina kama kilo 28, sio 20, asali ni nzito kuliko maji, kwahiyo ukipakia ndoo 30 hizo ni kilo 840 na ninyi wawili hamjapanda. Halafu unaingia nayo kwenye mchanga ukiwa kwenye D, mwendo wa kutambaa, saa nzima, hapo toki konvata, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa haidroliki, inachemsha haidroliki kama chai. Ile lever ndogo ya loo, yaani gia nzito za mwendo mdogo, haikuwekwa kwa urembo, ukiweka loo giaboksi inapata nafuu kubwa mno. Wengi wanasubiri wazame kwanza ndo wakumbuke kuna loo.

Sasa tuseme umeangalia na imekufa. Kufanyiwa ovahoo oto ya 80 hapa Tabora sio rahisi, spea zake mpaka uagize Dar na anayeijua vizuri mpaka umtafute, wakati manuali hata kijana wa pale Sikonge anaishusha chini ya mti. Kwa kazi yako mimi niko upande wa fundi wako, geuza. Shemeji naye hajakosea kabisa, kwa mtu wa mjini anayenunua VX ya kwendea harusi oto ndo anataka, ila wewe unauza asali, na akija mnunuzi wa Mpanda au Kaliua huko atakuuliza swali moja tu, ni manuali?

Kwenye "inaingia tu" ndo naachana na fundi wako. Kwa mbele sawa, kama ile Hardtop nayo ilikuwa na 1HZ basi bellhauzi (kile kifuniko kinachounganisha giaboksi na injini) inakaa kwenye injini yako kwasababu injini ni ileile. Balaa linaanza nyuma. Shafti inayotoka kwenye giaboksi kuingia kwenye transfa (ile inayogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma) ina meno yake, na meno hayo hayapatani na kila transfa. Urefu wa giaboksi ukitofautiana, krosimemba, kile chuma cha chini kinachobeba giaboksi, haikai kwenye matundu yake, propela ya mbele inakuwa ndefu ya nyuma inakuwa fupi au kinyume chake, na lever ya gia inatokezea mahali ambapo sakafu yako haina tundu. Halafu hizi 80 zipo za aina mbili, zipo zenye foo-wili ya muda wote ambayo ina difu ya katikati unailoki kwa swichi, na zipo za kuchagua mwenyewe tuu-wili au foo-wili. Yako ya VX ya oto bila shaka ni ya muda wote. Ukifunga transfa ya aina nyingine gari inabadilika tabia na hapo utaanza kushika mpaka habu za mbele. Kwahiyo mwambie fundi hiyo ya stoo aiweke akiba, wewe tafuta giaboksi ya gia 5 iliyotoka kwenye 80 mwenzake, ya 1HZ, ikiwa bado imeshikana na transfa yake kama ilivyotoka kiwandani, usikubali wakuuzie zimetenganishwa.

Na ukipata hiyo gari ya kukatwa usiondoke na giaboksi peke yake ukadhani umemaliza, utarudi mara sita. Chukua flaiwili, ile sahani nzito ya nyuma ya injini inayokaliwa na klachi, na bolti zake (zile zilizofunga pleti nyembamba ya konvata usizitumie kwenye flaiwili, sio zake), bellhauzi, uma wa klachi, mabomba ya klachi na masta silinda na sleva yake, bracketi ya pedeli nzima na pedeli ya breki ile nyembamba maana yako ya oto ni pana utaikanyaga pamoja na klachi, maunti (zile raba za kubebea) na krosimemba, propela zote mbili, kifuniko cha lever pale sakafuni, na ile swichi ya taa ya rivasi iliyoko kwenye giaboksi. Hata kipande cha waya wenye plagi yake kata uondoke nacho. Pleti ya klachi, presha na rilizi nunua mpya, hapo usifanye uchumi, na flaiwili ipeleke ikachongwe usawa kwanza.

Kuna kitu kimoja kidogo kuliko vyote hivyo na ndo kinachosumbua kuliko vyote. Nyuma ya krankshafti, katikati kabisa, kuna kiberingi kidogo kinachoshika ncha ya shafti ya giaboksi ya manuali. Gari ya oto haikihitaji, kwahiyo ukitoa konvata unaweza kukuta tundu tupu, na fundi mwenye haraka anafunga hivyohivyo. Gari itatembea. Ila ukikanyaga klachi utasikia mlio kama wa mtu anasaga karanga, na baada ya muda beringi ya mbele ya giaboksi inakwenda. Mulika na tochi mwenyewe uone kimewekwa ndo uruhusu giaboksi ipande.

Yangu ya kwanza kugeuza, miaka hiyo tuko chini ya mwembe, mimi na vijana wawili, tumepandisha giaboksi juu ya jeki tumeilaza kwenye tairi kuukuu, inasogea, inasogea, imebaki kama upana wa vidole viwili haitaki kuingia tena. Mvua hiyo inakuja. Nikasema wekeni bolti tukaze itavutwa yenyewe. Tukakaza huku na huku, ikasikika "ta!", tukaangaliana. Tulipoishusha, sikio la bellhauzi limekatika na pleti mpya ya klachi imepinda katikati, yote kwasababu pleti haikuwa imekaa sentani na mimi nikalazimisha. Bolti ni za kushikilia, hazivuti giaboksi. Siku hizi nachukua kipande cha mpini wa fagio, nakizungushia utepe wa karatasi wenye gundi mpaka kinene sawasawa na shafti, nakipitisha kwenye pleti mpaka kwenye kile kiberingi, ndo nakaza presha, nikichomoa mpini giaboksi inaingia kwa kusukuma na goti tu. Ikikataa tunaishusha tena, hata kama giza limeingia.

Wayaringi usiogope, 1HZ ni ya pampu ya kawaida, haina kompyuta ya kukuuliza maswali. Ila starta haitapiga siku ya kwanza na mtaanza kutafuta betri, kumbe kwenye oto umeme wa starta unapita kwenye swichi inayojua uko P au N, na hiyo swichi mmeshaitoa. Zile nyaya mbili ziungwe, na ni vizuri zaidi zipitie kwenye swichi ya pedeli ya klachi ili mtoto asije akachezea funguo gari ikaruka. Mabomba ya haidroliki kule kwenye rejeta yazibwe vizuri na plagi za chuma, usiachie mpira na kleme, maana kipoozeo kikija kutoboka maji ya injini yatatokea hapo. Na huku giaboksi iko chini badilisha sili ya nyuma ya injini hata kama haivuji. Oili ya giaboksi weka 75W-90 ya GL-4, ukiambiwa GL-5 ndo kali zaidi kataa, zipo ambazo zinakula shaba za ndani zinazosaidia gia kuingia laini.

Siku tatu? Labda kutoa ya zamani tu. Weka wiki, na ukimaliza tembea bila mzigo kwanza, Isevya mpaka Sikonge na kurudi, ndo uangalie bolti zote tena.

Mafuta yatapungua kidogo, gia ya tano inasaidia kwenye lami, ila gari ni tani mbili na ushee na injini haina taabo, kwahiyo ukitegemea itakunywa kama Probox utanilaumu bure. Utakachokiona haraka ni kushuka vilima na mzigo, injini inakushikia, breki hazinuki.

SWALI: Fundi salama? Surf yangu ni oto, betri ilikufa pale Uvinza, vijana wakaisukuma mpaka wakachoka haikuwaka, nikawalipa na soda juu. Wanasema iliwekwa D vibaya. Kweli? (Mama wa Mwanga, Kigoma)

JIBU: Salama mama. Hapana, hukukosea kitu na wao wamepata soda ya bure. Oto haiwaki kwa kusukumwa. Pampu ya haidroliki inazungushwa na injini, injini ikiwa imezima hakuna presha, bila presha klachi za ndani hazishiki, kwahiyo tairi zinazunguka na injini haina habari. Kulikuwa na oto za zamani sana zilizokuwa na pampu ya pili upande wa nyuma, hizo zilikuwa zinakubali, ila Surf haimo. Tembea na waya za kuazima umeme, zile nene, zile nyembamba za rangirangi zinayeyuka mkononi. Na kama dizeli inawaka kwa shida asubuhi, angalia na plagi za moto, zile zinazopasha injini kabla haijawaka, kabla hujanunua betri nyingine.

SWALI: Mimi niligeuza Prado toka oto kwenda manuali mwaka jana, iko vizuri ila ikianza kuondoka inatetemeka kama ina malaria, ikishaondoka inatulia. Nimebadilisha pleti ya klachi mara mbili. (Dereva, Urambo)

JIBU: Pleti ya tatu usinunue. Muulize aliyefunga kama flaiwili ilichongwa, na akikuambia "ilikuwa nzuri" ujue haikuchongwa. Halafu zile pleti mbili ulizotoa kama bado unazo ziangalie kwenye mwanga, ukiona zinang'aa weusi na zina harufu ya oili, sili ya nyuma ya injini ndo inazilowesha na utabadilisha mpaka uchoke. Vikiwa vyote viko sawa hamia kwenye maunti, shika breki ya mguu, weka gia ya kwanza, achia klachi kidogo sana huku mtu ameangalia kwenye boneti. Injini ikiruka zaidi ya kiasi, raba ya maunti imekatika, na hiyo unaipata hata hapo Urambo.