Viza ya kustaafu Thailand ukienda nyumbani

Shikamoo mzee, umeuliza kama viza yako ya kustaafu ya Thailand itakufa ukienda nyumbani kuona wajukuu. Haifi, ila kabla hujatoka lazima uwe na kibali cha kuingia tena, ukitoka bila hicho imefutika hapohapo. Nenda imigresheni na pasipoti, picha na fomu TM.8, baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi, chukua hiyo ya 3,800 tafadhali maana msiba haupigi hodi. Na angalia sana tarehe, kibali hakiongezi hata siku moja, viza ikiisha ukiwa huko nacho kimeisha. Hela za benki, kama viza uliipata kwa kuonyesha akiba ya baht 800,000 benki, usizishushe chini ya 400,000 hata ukiwa safarini.