Muulize Dada Daktari: Koti jeupe limeanza kubana

SWALI: Dada Daktari, habari za kazi. Mimi ni kijana wa miaka 22 kutoka Arua, Uganda, nasoma udaktari mwaka wa tatu, ndio tumeanza kuingia wodini. Nilipokuja chuo nilikuwa mtu wa mpira kabisa, nacheza winga, kila jioni uwanjani, sasa njumu zangu ziko chini ya kitanda na tope la mwaka wa kwanza limekaukia pale pale. Nimeongezeka kilo 11, kifungo cha katikati cha koti jeupe hakifungi. Nalala masaa 3 au 4, jioni nakunywa vile vinywaji vya enaji ili nikeshe na vitabu, saa sita usiku nakula rolex, ile chapati ya kukunjiwa mayai, kwa sababu ndio chakula kiko karibu. Hayo naweza kuvumilia, shida ni kwamba siku hizi sisikii kitu. Juzi mgonjwa tuliyemzoea alifariki, wenzangu walilia, mimi nilisimama tu nikawa nawaza mtihani wa patholojia. Asubuhi naamka kifua kizito. Nilimwambia daktari mkubwa mmoja wodini, akasema kama hii inakushinda rudi ukalime. Nyumbani wote wananiita dokta, kaka yangu anaendesha boda kunilipia karo, nitaanzaje kusema dokta anaumwa?

JIBU: Mdogo wangu, aliyekwambia urudi ukalime alikosea, tena sana. Umesema jambo la hatari la afya yako mbele ya daktari na yeye akakujibu kama umechelewa raundi. Usimruhusu akufunge mdomo, jaribu mtu mwingine.

Kwanza hilo la kutosikia kitu, maana ndilo limenifanya nisome barua yako mara mbili. Kusimama bila machozi hakumaanishi una roho mbaya. Mtu asiyelala akabeba vifo na mitihani kwa pamoja, moyo unajizima kidogo ili aweze kuendelea. Lakini yale maswali mnayofundishwa kuwauliza wagonjwa, jiulize wewe leo: je, kwa wiki mbili zilizopita, siku nyingi umekuwa mnyonge au huna tamaa ya vitu ulivyokuwa unavipenda? Njumu zako zimeshajibu nusu ya hilo swali. Hiyo inaweza kuwa sonona, yaani depresheni, na ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, ina maongezi yake na dawa zake. Na kama hata mara moja umewaza kwamba afadhali usingekuwepo, usingoje wiki iishe, mwambie mwenzako wa chumba leo leo akusindikize hospitali, na asikuache peke yako.

Wala usidhani uko peke yako. Mwaka 2016 ulitoka uchambuzi mkubwa wa tafiti za wanafunzi wa udaktari kutoka nchi zaidi ya 40, wakakuta asilimia kama 27 wana sonona au dalili zake, na asilimia kama 11 walishawahi kufikiria kujiua. Kilichoniuma zaidi ni kwamba wale waliokutwa na dalili, waliotafuta matibabu ni kama 16 tu katika kila 100. Watu wanaosomea kutibu! Wanaogopa nini, wanaogopa faili. Wanaogopa kukaa kwenye benchi la kliniki alafu wapitie pale wanafunzi wa darasa lao. Naelewa kabisa, kwa hiyo nenda kwingine, sio lazima utibiwe pale unapojifunzia. Kampala kuna Butabika, ambayo watu huitaja kwa utani mbaya lakini ni hospitali ya taifa ya afya ya akili na ina kliniki ya watu wanaokuja asubuhi na kurudi kwao, na huko mikoani hospitali nyingi za rufaa zina kitengo chake. Ukiwa na mshauri wa wanafunzi chuoni, anza naye hata kesho.

Usingizi sasa. Kafeini ukiinywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku karibu nusu yake bado inazunguka mwilini, ndio maana hata ukilala unalala juu juu. Na ubongo unapanga ulichosoma wakati umelala, kwa hiyo ukisoma patholojia mpaka saa tisa usiku unajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mtu mzima anahitaji angalau masaa 7. Najua kuna siku za zamu haiwezekani, basi siku zisizo na zamu zilinde, enaji isivuke saa nane mchana, na ukipata wiki mbili bila enaji kabisa utanishukuru.

Kuhusu mwili, nataka nikwambie kitu. Mwaka 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walilinganisha nchi 168, Uganda ndio ilikuwa na watu wachache kuliko zote wasiojishughulisha na mwili vya kutosha, asilimia kama 5 na nusu tu. Sio kwa sababu tuna jimu nyingi, ni kwa sababu watu wanatembea, wanalima, wanabeba maji. Wewe ulitoka kwa hao watu, mwili wako umekulia kwenye kazi na mpira, alafu ghafla tukauweka kwenye kiti cha plastiki miaka mitatu. Kwa hiyo hizo kilo usizionee aibu. Toa njumu chini ya kitanda, zigonge ukutani tope lidondoke, tafuta wenzako watano, Jumatano na Jumamosi jioni lisaa limoja. Mazoezi yanasaidia sonona kweli, ila hayachukui nafasi ya tiba, fanya vyote viwili. Rolex nayo haina kosa, mayai mawili, nyanya, kabichi, ni chakula, ila uile saa moja jioni na chapati moja, sio saa sita usiku na chapati mbili na soda.

Kaka yako mwambie. Anayeamka alfajiri kuwasha pikipiki kwa ajili yako anataka ufike mzima. Na Azimio la Geneva, ambalo ndio kiapo cha madaktari wa siku hizi, tangu 2017 lina ahadi kwamba daktari atajali afya yake mwenyewe ili aweze kuhudumia vizuri. Kwa hiyo kwenda kliniki ni sehemu ya kazi uliyoichagua. Niandikie tena ukishaenda, nasubiri.

SWALI: Dada, mimi ni binti wa mwaka wa kwanza uuguzi, nakaa hosteli. Kukimbia alfajiri naogopa, jimu ni bei kali, nifanyeje?

JIBU: Usikimbie gizani peke yako, uoga wako ni wa haki. Nunua kamba ya kuruka, ruka dakika 10, pumzika, ruka tena. Ngazi za hosteli panda na kushuka. Kinachotakiwa ni dakika 150 kwa wiki za kukufanya uheme kidogo, na siku mbili za kukaza misuli, pushapu na skwati chumbani zinatosha. Kama chuo kina timu ya netiboli jiunge hata kama hujui kucheza, utapata na marafiki.

SWALI: Mimi ni mama nauza dukani hapa Busia. Mtoto wangu yuko mwaka wa nne udaktari, simu hapokei, akipokea anasema nimechoka mama. Niseme nini?

JIBU: Mama, pole na hongera. Ukimpata usianze na matokeo wala karo, muulize jana alikula nini na alilala saa ngapi, alafu nyamaza umsikilize hata akikaa kimya. Mwite jina lake la nyumbani, mwezi huu mpumzishe na hilo la dokta. Na ukipata nafasi panda gari uende, mpelekee samaki mkavu na unga, mpike, mkae mle pamoja, na uangalie anakula kiasi gani.