Kona ya Malori: Moshi Mweusi Si Lazima Uwe wa Pampu

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina Fuso ya injini ya 6D16, imeshapita kilometa laki saba. Msimu wa korosho nabeba kutoka Masasi na Newala kwenda kushusha Mtwara mjini. Siku hizi ikipanda mlima na mzigo inatoa moshi mweusi tii, nguvu imepungua na mafuta inakula kuliko zamani. Fundi wangu anataka nifunge pampu nyingine ya dizeli na nozeli zote sita za kunyunyizia mafuta kwenye silinda. Mwingine anasema injini imekwisha, nikinunua hivyo nimetupa hela. Nimsikilize yupi?
*Mwenye Fuso, Masasi*

JIBU: Ndugu yetu, usimlipe yeyote kabla gari halijapimwa. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, au yanaingia kama matone badala ya ukungu. Pampu iliyochoka kwa kawaida hupunguza mafuta, haiongezi. Dalili yake ni gari kuwa zito na kusumbua kuwaka likiwa la moto, kwa sababu dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi na kupenya pembeni mwa plunja, kijiti kinachosukuma dizeli ndani ya pampu. Kwa moshi unaoueleza, pampu tunaiweka mwisho kwenye foleni.

Anza na vya bei ndogo. Toa elementi ya eya klina na uimulike kwa tochi kutokea ndani. Kwa vumbi la vijijini wakati wa korosho, huziba mapema kuliko dereva anavyodhani. Badili filta ya dizeli, pima tepeti (nafasi ya valvu). Halafu tazama lakiri kwenye skrubu ya kikomo cha mafuta ya pampu. Ikiwa imekatwa, kuna mtu aliongeza mafuta ili gari "livute". Hapo hata ukifunga nozeli mpya moshi utabaki, na pistoni zitaendelea kuungua.

Vikiwa sawa hivyo, washa injini ikae sailensa, yaani izunguke taratibu bila kukanyaga mafuta. Legeza nati ya bomba la presha kwenye nozeli ya kwanza, sikiliza, kaza, nenda ya pili, hivyo hivyo hadi ya sita. Silinda isiyo na tatizo ukiikatia mafuta hivyo, injini inatetereka papo hapo. Ukilegeza na mlio usibadilike, silinda hiyo haifanyi kazi yake. Zima injini, hamishia nozeli yake silinda ya jirani na urudie. Tatizo likihama na nozeli, umempata mwizi. Likibaki palepale, ni kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) au elementi ya pampu, yaani plunja na ala yake, ya silinda hiyo.

Nozeli zote sita zipelekwe kwenye mashine ya mkono ya kupimia nozeli. Nyingi za injini za aina hii hufungua kati ya bar 180 na 250; kipimo kamili cha yako kiko kwenye kitabu cha injini. Fundi apandishe presha hadi bar 20 chini ya hapo na aishikilie kwa sekunde 10: ncha isidondoshe hata tone. Kisha apige, matundu yote yatoe ukungu sawa. Nozeli inayodondosha si ya kusubiri msimu uishe, kwani dizeli yake huosha oili ukutani mwa laina (bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) na mwishowe hutoboa kichwa cha pistoni.

Kabla ya kununua chochote, pima kompresheni nozeli zikiwa nje. Silinda zikiachana kwa zaidi ya bar 3 au 4, au ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwaka na moshi ukatoka kwa kishindo, yule fundi wa pili ana hoja: hela iende kwenye ringi za pistoni na laina kwanza.

Kompresheni ikiwa nzuri, badili ncha za nozeli zote sita kwa pamoja, si moja moja, na kila moja iwe na wosha mpya ya shaba. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: wosha ya zamani hubaki imenasa ndani ya tundu, mpya ikawekwa juu yake, ncha ikakaa juu kuliko inavyotakiwa. Moshi unarudi, na lawama anapewa muuza spea. Chokonoa kila tundu, mulika, ndipo ufunge kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Pampu ipeleke kwenye benchi la kupimia pampu pale tu ambapo nozeli mpya hazikumaliza tatizo. Elementi hupimwa moja moja na kusawazishwa. Mara nyingi hutahitaji pampu nyingine.

Na msimu ukiisha, usiliegeshe lori masika yote na tangi nusu. Kwa unyevu wa pwani yetu, maji hujikusanya chini ya dizeli na kutu hunasa sindano za nozeli. Jaza tangi, na kabla ya kuwasha tena, toa maji kwenye sepereta, chombo kinachotenga maji na dizeli.

SWALI: Lori langu ni la komoni reli, injekta zote zinalishwa na bomba moja la presha na kuongozwa na kompyuta. Asubuhi nazungusha starta muda mrefu ndipo liwake. Ninaambiwa ninunue injekta sita. Nilegeze mabomba nipime kama ya Fuso?
*Dereva, Lindi*

JIBU: Usithubutu! Presha humo hupita bar 1,000. Mafuta yanatoboa ngozi na ni dharura ya hospitali hata kama tundu ni dogo kama la sindano. Kwanza funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kwenye njia ya kutoka tangini, uone kama kuna mapovu. Hewa inayoingia usiku ni chanzo cha kawaida sana. Kisha isomwe presha ya reli kwa kompyuta wakati wa kustarti: isipofika takriban bar 200 hadi 300, injekta hazifunguliwi. Baada ya hapo pima mafuta yanayorudi kwa kila injekta kwenye chupa. Inayojaza kuliko wenzake ndiyo inayovuja. Injini ambazo mafuta hayo ya kurudi hupita ndani ya hedi (kichwa cha injini) hazipimiki kwa chupa, hizo mwachie fundi mwenye vifaa vya kuziba mabomba. Ukibadili injekta, hakikisha msimbo ulioandikwa juu yake umeingizwa kwenye kompyuta ya gari, la sivyo itagonga na kutoa moshi ingawa ni mpya.