Tumepima wanawake wengi, mbona wa vijiji vya mbali bado wanaletwa wamechelewa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mratibu kwenye umoja wa hospitali, mashirika na vikundi vya akina mama wa mikoa mitatu huku Kanda ya Ziwa, tunahamasisha na kupima saratani ya mlango wa kizazi. Kila mwaka idadi ya waliopimwa inapanda na wafadhili wanafurahi, ila hospitali ya rufaa inatuambia akina mama wa visiwani na vijiji vya ndani bado wanaletwa ugonjwa ushasambaa. Tunakosea wapi? Na je, tuachane na kipimo cha siki tuhamie cha HPV (kirusi kinachosababisha saratani hii), hiki ambacho mwanamke anajichukulia sampuli mwenyewe? Kuna wajumbe pia wanataka tuongeze na matiti siku hiyohiyo.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa kazi, maana kuwakalisha watu wa mikoa mitatu meza moja sio jambo jepesi. Naanza na lile la kwanza kwasababu hayo mengine yote yanalitegemea.

Idadi ya waliopimwa haiwezi kukuonyesha pengo, tena inaweza kulificha kabisa. Fikiria kambi inapowekwa, mara nyingi ni hospitali ya wilaya au karibu na stendi, tangazo linapita redioni, siku ikifika wanaojaa foleni ni wale wanaokaa karibu, wenye nauli, wenye simu, ambao hata mwaka jana walikuja. Yule mama wa kisiwani ambaye akitaka kuvuka lazima asubiri boti na aache samaki wake juani hayupo kwenye ile foleni. Kwahiyo mnapima 4,000, mwaka unaofuata 6,000, na inawezekana kabisa kwamba kati ya hao 6,000 wengi ni walewale. Mjini wanapimwa mara tatu, kisiwani hajapimwa hata mmoja, na ripoti inasema tumefanikiwa!

Lengo la Shirika la Afya Duniani (WHO) lililotangazwa mwaka 2020 sio wingi wa vipimo. Ni kwamba ikifika 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa HPV kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika kabla ya miaka 35 na tena kabla ya 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Mara mbili tu kwa hiyo miaka yote. Mama mmoja akipimwa mara nne ndani ya miaka mitano nafasi tatu karibu zote zimepotea, zingeenda kwa watatu ambao hawajawahi kabisa.

Sasa cha kufanya. Chukueni takwimu za Sensa ya 2022, tafuteni kila kata ina wanawake wangapi wa miaka 30 hadi 49, halafu kaeni na rejesta za vituo vyote vya umoja wenu mhesabu kwa kila kata ni wangapi waliopimwa kwa MARA YA KWANZA maishani. Sio kwa kituo alipopimiwa, kwa kata anakotoka, hapo watu wengi wanateleza maana rejesta inaonyesha hospitali ya wilaya imepima mia tisa na mnadhani wilaya nzima imefikiwa. Hili swali la "umeshawahi kupimwa kabla ya leo?" na jina la kijiji ni vitu viwili vidogo sana kuuliza ila bila hivyo hamtajua chochote kuhusu usawa. Mkimaliza mtakuwa na orodha ya kata kuanzia iliyofikiwa sana mpaka ile ambayo haijaguswa, na hiyo ya chini ndo ipewe kambi inayofuata, hata kama namba ya jumla ya mwaka itashuka. Na itashuka, wafadhili waambieni mapema, kumfikia mama mmoja wa kisiwani kunagharimu kuliko kumfikia wa mjini na hakuna namna ya kulikwepa hilo.

Pengo la pili ni baada ya kupima, na mimi hili ndo linaniuma zaidi. Tuseme kwa mfano tu wa hesabu mmepima 1,000, mkakuta 60 wana mabadiliko ya awali (bado sio saratani ila yanaweza kufika huko). Ukiwaandikia rufaa waende hospitali wiki ijayo, wakafika 25, maana yake 35 wamerudi nyumbani wakijua wana tatizo na hakuna aliyewatibu. Kwa hao 35 kupima kwenu hakujawapunguzia hatari hata kidogo, mmewaongezea hofu. Na ukiwafuatilia hao 35 ni akina nani utakuta ni walewale wa mbali, wasio na nauli, wenye watoto wadogo, ambao mume ndo anaruhusu safari. Yaani pengo lenu linazidi kupanuka kila hatua ya huduma hata kama mlangoni mlikuwa mmewafikia sawa. Ndo maana nawaomba ripoti ya umoja iache kuanza na waliopimwa, ianze na waliotibiwa kati ya waliokutwa na shida, ikigawanywa kwa kata.

Dawa yake inajulikana, ni kutibu siku hiyohiyo palepale. Zamani tulikuwa tunategemea tiba ya kugandisha kwa baridi kali ile sehemu yenye mabadiliko, inafanya kazi vizuri, unagandisha dakika 3, unaacha dakika 5, unagandisha tena 3, tatizo ni ile mitungi ya gesi, mizito, inaisha katikati ya kazi, na kuipandisha kwenye boti ni shughuli. Siku hizi kuna kifaa kidogo cha kuunguza kwa joto, kinatumia betri, kinaingia kwenye begi, nyuzi joto 100 au zaidi kwa sekunde 20 hadi 30 kila mguso na mama anaondoka kwa miguu yake. Kama umoja wenu una hela ya kununua kitu kimoja tu mwaka huu mimi ningenunua hivyo vifaa kabla ya mabango na fulana. Wale ambao eneo lililoathirika ni kubwa au limeingia ndani ya njia ya mlango ambako huoni mwisho wake hawafai kuunguzwa, wanahitaji kukatwa kile kipande kwa waya wa umeme (LEEP), na ambaye unamshuku ana saratani yenyewe usimguse kwa joto wala baridi, achukuliwe kinyama kipimwe. Hao ni wachache ila ndo wanaohitaji kushikwa mkono mpaka mwisho.

Siki au HPV? Siki (tunaita VIA) sio kipimo kibaya, asidi ya asetiki ya asilimia 3 mpaka 5, unasubiri dakika moja au mbili, unaangalia sehemu inayogeuka nyeupe, bei yake ni ndogo na majibu ni palepale. Ila kinategemea jicho. Muuguzi aliyefundishwa vizuri anayesimamiwa na anayeona wagonjwa wengi anapatia, aliyesoma semina ya siku chache akarudi kituoni akae miezi bila kupima mtu ataita kila kitu cheupe au hataona kitu. Tena kwa akina mama waliofika miaka 50 hivi na kuendelea hakiaminiki maana lile eneo la kuangalia linakuwa limerudi ndani. India walifanya utafiti mkubwa wilaya ya Osmanabad, wanawake zaidi ya 130,000 wa vijijini, matokeo yakatoka 2009, kipimo cha HPV kwa awamu moja tu kilipunguza vifo vya saratani hii kwa karibu nusu na wale wa kundi la siki hawakuona punguzo la maana. Lakini Mumbai, ambako siki ilirudiwa kila baada ya miaka miwili na wahudumu waliosimamiwa vizuri, vifo vilipungua kwa asilimia 31. Kwahiyo siki yenye usimamizi inaokoa watu, siki ya kambi moja halafu basi, kwa maoni yangu haifai kuitwa mpango.

WHO tangu 2021 inapendekeza HPV kiwe kipimo cha kwanza, kuanzia miaka 30, akiwa hana kirusi unarudia baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa mtu wa kisiwani hilo ni jambo kubwa mno, safari moja inamtosha kwa muda mrefu. Na kujichukulia sampuli mwenyewe kwa vile vipimo vinavyokuza vinasaba vya kirusi ni sahihi karibu sawa na akichukuliwa na mhudumu, hakuna kupanda kitandani, hakuna kifaa cha chuma, hakuna aibu ya kupimwa na kijana wa kiume anayemfahamu mtaani. Akina mama waliokataa miaka yote wengi wanakubali hii.

Ila msikimbilie kabla hamjajibu swali hili: akikutwa na kirusi nani anamfuata na wapi? Sampuli ikipelekwa mkoani ikakaa wiki tatu, mmetengeneza safari ya pili na tumeshaona kwenye safari ya pili watu wanapotea. Angalieni kama wilaya ina mashine ya GeneXpert inayopima kifua kikuu, hiyohiyo inapima HPV kwa saa moja hivi ukiwa na katriji zake. Fanyeni hesabu lakini, mashine ya nafasi nne inapima wanne kwa saa, siku nzima ya saa 8 ni 32 kama haina kazi nyingine, na kazi nyingine inayo maana wa TB wapo palepale, kwahiyo ongeeni na mratibu wa TB wa wilaya mpange siku, msije mkawa mmeziba huduma moja kufungua nyingine. Ushauri wangu: HPV ianze kwenye zile kata za chini ya orodha, kifaa cha joto kikiwa hapohapo, wanaokutwa na kirusi waangaliwe na watibiwe kabla boti haijarudi. Mjini endeleeni na siki mkiimarisha usimamizi mpaka katriji zitoshe.

Na wafundisheni wahudumu wa jamii namna ya kutoa majibu. Kuwa na HPV sio kuwa na saratani, watu wengi wanaojamiiana wanakipata wakati fulani na wengi mwili unakiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili, na kwa asiyekiondoa saratani inachukua kama miaka 15 mpaka 20 kutokea. Pia kukutwa nacho leo hakuonyeshi nani alimletea nani wala lini, hili lisemwe mapema na mume akiwepo ikiwezekana, maana mwanamke akirudi nyumbani na karatasi imeandikwa virusi vya zinaa bila maelezo anaweza kupigwa au kufukuzwa na kijiji kizima hakitakuja tena.

Kundi moja msilichanganye na wengine, WAVIU (watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI). Hatari yao ni kama mara sita, ugonjwa unakwenda haraka, miaka 5 hadi 10 kama kinga imeshuka, hivyo wanaanza kupimwa wakiwa na miaka 25 na kurudia kila miaka 3 hadi 5. Hawa tayari wanakuja CTC (kliniki ya VVU) kuchukua dawa, msiwaite kambini, wapelekeeni kipimo pale wanapokuja. Zambia walianza hivyo Lusaka mwaka 2006, huduma ikakaa ndani ya kliniki za VVU, wauguzi wakipiga picha za mlango wa kizazi na kuwaonyesha wataalamu, wakahusisha mpaka wakufunzi wa jadi wa ndoa.

Umeuliza tunakosea wapi, nadhani wengine ndani yenu wanajiuliza kama umoja unaweza kweli kufuta pengo. Unaweza. Jimbo la Delaware huko Marekani walikuwa na ushirikiano wa serikali, hospitali na vyama vya raia kuhusu saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2002 waliokuwa wamepimwa ni asilimia 57 na kwa watu Weusi 48, ilipofika 2009 wote wakawa 74, pengo likaisha, na vifo vya Weusi vikashuka kwa asilimia 42. Wao ni matajiri, hela tusijilinganishe, lakini angalia walichofanya: takwimu zilitenganishwa kwa kundi tangu mwanzo, kila hospitali ikawa na muuguzi ambaye kazi yake ni kumfuata mtu mmoja mmoja mpaka amalize, na asiye na bima akikutwa na saratani matibabu yalilipiwa na jimbo. Hilo la tatu ndo gumu kwetu, ila hilo la muuguzi wa kufuatilia tunaliweza, mtu mmoja kila wilaya, mwenye simu yenye vocha, daftari la majina, na fungu dogo la nauli ambalo haliombewi kibali wiki mbili.

Matiti sawa, ongezeni uchunguzi wa kushika kwa mkono kwa mhudumu aliyefundishwa, mradi muwe mmekubaliana kwa maandishi na hospitali ya rufaa kwamba mwenye uvimbe anapata majibu kamili ndani ya siku 60, ndo kiwango cha WHO. Kama hospitali haiwezi kuahidi hizo siku msianze kwanza.

Na kabla ya kikao chenu kijacho mtume mtu mmoja apitie rejesta za miezi 12 iliyopita, atoe majina ya wote waliokutwa na mabadiliko na hawana alama ya kutibiwa. Hao bado wako majumbani na wengi bado wanatibika, tafuteni namba zao za simu, asiye na simu mpitie kwa mwenyekiti wa kitongoji bila kumwambia ni ya ugonjwa gani.