Menyu ibukizi anayoipanga mtumiaji mwenyewe

Kaka, kwenye hiyo programu yako ya oda za samaki Bagamoyo, muuzaji anabadilisha vipengele vya menyu lakini mabadiliko hayaonekani mpaka aifunge programu na kuiwasha upya, kwa sababu orodha umeijenga mara moja tu ndani ya initState, sehemu inayoendeshwa skrini inapoanza. Ihamishie kwenye itemBuilder, sehemu inayotengeneza vipengele vya PopupMenuButton (kitufe cha menyu ibukizi). Hiyo itemBuilder, Flutter (zana uliyojengea programu) huiita kila menyu inapofunguliwa. Ila itemBuilder haisubiri data isomwe, kwa hiyo SharedPreferences (hifadhi ndogo ya mipangilio kwenye simu) isome mapema, programu inapowaka.

Halafu, tafadhali sana, usihifadhi namba za nafasi za vipengele kwenye orodha. Hifadhi vitambulisho vya kudumu: "bei", "simu", "futa_oda". Toleo lijalo ukiingiza kipengele kipya katikati, namba zote zinasogea, na aliyezoea kumpigia mteja anajikuta amefuta oda ya changu kilo ishirini. Hiyo ni hela ya mtu.

Kipengele cha "Panga menyu", anachotumia muuzaji kupanga menyu yake, kisiweze kuondolewa. Orodha ikibaki tupu, kitufe kinabonyezwa na hakuna kinachofunguka. Urefu wa kila mstari wa menyu, pikseli 48 za kimantiki, usiupunguze. Vidole vya sokoni vina maji na magamba.