Shangazi, titi nimerekebishiwa lakini naona haya kukaa na wagonjwa wenzangu

Wiki hii nimepata barua ndefu ya mama mmoja wa mtaa wa Umoja hapa Nairobi, ana miaka 43 na watoto watatu. Mwaka jana alipatikana na saratani ya titi la kushoto, akapitia kemo, titi likatolewa pamoja na tezi za kwapani, na wiki nane zilizopita madaktari wakamtengenezea titi lingine kwa ngozi na mafuta ya tumbo lake mwenyewe. Sehemu ya barua ni hii:

"Shangazi, kila mtu ananiambia nishukuru Mungu juu nimepona na titi nimerudishiwa, na mimi nashukuru, lakini usiku nikiligusa ni baridi, silisikii, naona si langu. Tumbo limekaza, bado sijanyooka vizuri. Bwanangu analala kwa kochi ati asinigonge kidonda. Mama mkwe alisema mbele ya watu pesa ya harambee ilikuwa ya ugonjwa si ya urembo. Nesi wa kliniki ananiambia kuna kina mama waliopitia haya wanakutana kila mwezi, niende. Lakini nitaendaje kulia mbele ya mtu ambaye titi lilitolewa na hana pesa ya kurudishiwa? Na nikifika huko nipate mmoja wao ameaga, si nitarudi nyumbani nikiwa mbaya zaidi? Kwa nyumba najikaza, maji yakipotea nabeba mtungi mwenyewe mpaka floo ya tatu ili watoto wasinione mgonjwa."

Dadangu, pole. Pole kwa ugonjwa, pole kwa kisu, na pole zaidi kwa huo upweke wa kulala kitanda kizima peke yako wakati ndio unahitaji mtu karibu. Nitakujibu yote lakini kwanza weka huo mtungi chini. Nilipofika hapo kwa barua nilishtuka kabisa. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, na wewe tumbo lako lilipasuliwa kutoka nyonga moja hadi nyingine, ukuta wake bado unajishika, ukilazimisha uzito mapema unaweza kutokeza uvimbe wa henia na ujipate umerudi theatre tena. Wengi huambiwa wiki sita za kwanza wasiinue kitu kizito kuliko birika la maji, na baada ya hapo uzito unarudishwa kidogo kidogo daktari akishakuangalia. Halafu mkono wako wa kushoto, kwa vile tezi za kwapani zilitolewa, maji ya mwili hayapiti vizuri kama zamani, mkono unaweza kuvimba hata miezi ama miaka baadaye. Mtoto wa jirani apewe pesa kidogo abebe maji, ama yule kijana wako mkubwa, na watoto wakiuliza waambie mama alifanyiwa upasuaji mkubwa na bado anapona, watoto wanajua ukweli hata ukiwaficha, wanachokosa ni ruhusa ya kuuliza. Yule mdogo akitaka kubebwa, kaa kwanza, apande mwenyewe ajilaze upande wa kulia.

Sasa hiyo baridi. Niliwahi kukaribishwa kwa kikao cha kina mama kama hao unaoambiwa uende, holi ya kanisa huku Eastlands, viti vya plastiki, chai ya maziwa kwa thamosi. Kulikuwa na mgeni siku hiyo, alikaa karibu na mlango, mkoba ameushikilia mapajani, muda mwingi hakusema kitu. Karibu mwisho akauliza kwa sauti ya chini kama ni kawaida titi kuwa baridi. Mama mmoja mzee kiasi aliyekaa kando yake hakujibu kwa maneno, alifungua vifungo vya blauzi, akachukua mkono wa yule mgeni akauweka juu ya titi lake. "Shika. Langu ni la miaka na bado ni baridi, Julai ndio mbaya, mimi huvaa vesti mbili." Yule mgeni akacheka, kicheko kikageuka kilio, na hapo hakuna aliyemwambia nyamaza, hakuna aliyemwambia ashukuru Mungu, mtu alimsogezea tishu na mwingine akamwongezea chai.

Daktari wako angekueleza kitu hicho hicho kwa njia yake, kwamba mishipa ya fahamu ilikatwa, kwamba hisia zinaweza kurudi kiasi taratibu kwa miezi mingi na kuna sehemu huenda zisirudi kabisa, kwamba titi la kutengenezwa huwa linahisi baridi ukiligusa hata kama damu inapita vizuri. Ni kweli na ni muhimu kuujua, lakini kuambiwa ni tofauti na kuushika kwa mkono wako kwa mtu anayepika, anayeenda kazini, anayekunywa chai mbele yako. Ndio maana nakwambia uende, na nasema hivi nikiwa nimefikiria sana hofu zako zote mbili. Na kabla sijasahau, baridi ikikusumbua vaa vesti ya pamba ama sweta, usiweke chupa ya maji moto kifuani wala tumboni, wala usiinamie jiko karibu, ngozi isiyosikia haitakuambia inaungua, utakuja kuona malengelenge tu.

Unasema utaendaje kulia mbele ya asiye na titi. Dadangu, kwani nani alikuambia pale kuna foleni ya machungu, wa mbele ni aliyepoteza zaidi na wewe ungoje nyuma? Ukifika utapata mchanganyiko. Kuna aliyekosa pesa, ni kweli, na itakuuma kumsikia. Kuna aliyekuwa na uwezo na akakataa kabisa kupasuliwa tena, anaishi na kifua bapa na anakuambia hajawahi kujuta. Kuna aliyewekewa ule mfuko wa kujazwa maji ya chumvi pole pole kila akienda kliniki mpaka ngozi itanuke ndio awekewe implanti, lile titi bandia la ndani. Kuna anayevaa titi la kufumwa kwa uzi ndani ya sidiria, hapa Nairobi kuna kina mama wanayafuma vizuri sana. Kila mmoja amebeba lake, na lako ni la kweli pia. Mwili kukatwa sehemu mbili, kifua na tumbo, uamke na kovu refu chini ya kitovu, kitovu chenyewe kimehamishwa, halafu uambiwe umshukuru Mungu unyamaze, hayo ni machungu kamili. Unaweza kushukuru asubuhi na ulie jioni, hakuna linalofuta lingine.

Na kuna jambo hujaliona. Hao kina mama wanakuhitaji. Yuko mmoja pale anayefikiria kufanyiwa huo upasuaji wako na ameogopa, daktari amemchorea picha kwa karatasi lakini anataka kujua mambo ambayo karatasi haina: unaamka vipi kitandani wakati tumbo halikunjiki, unageuka kwanza upande ama unasukumwa, mito unaiweka mingapi chini ya magoti, zile chupa za dreni za kukusanya maji ya kidonda unazifunga wapi ukitaka kuoga, umetembea umeinama mpaka lini, kwa matatu mshipi unauwekaje gari likiruka matuta. Hayo wewe unayajua, na yamekugharimu. Ukimwambia tu kwamba mto mdogo chini ya kwapa na mwingine kati ya kifua na mshipi vinasaidia, umemwondolea hofu ya wiki nzima.

Hii kazi ya mgonjwa kumsaidia mgonjwa si kitu cha juzi. Mwaka 1952 huko New York mama mmoja anaitwa Terese Lasser alitolewa titi, akarudi nyumbani bila mtu wa kumweleza ataishi vipi, atavaa nini, mkono atauinuaje, akaanza yeye mwenyewe kuwatembelea wanawake wengine waliotoka tu theatre. Alikuwa anaenda na mpira na kamba ya kufanyia mazoezi ya mkono. Siku hizo kuna madaktari hawakutaka kabisa kumwona kwa wodi zao, lakini ilipofika 1969 shirika kubwa la saratani la Marekani likaichukua hiyo kazi yake, Reach to Recovery, na ikasambaa nchi nyingi.

Hofu yako ya pili sitaipaka sukari. Ndio, kuna siku utafika upate kiti kimoja ni tupu. Saratani inarudi kwa wengine, na grupu haiongezi mtu siku za kuishi, kuna utafiti wa Canada wa mwaka 2001, wanawake 235 ambao saratani yao ya titi ilikuwa imesambaa, waliokaa kwenye vikundi hawakuishi zaidi ya wenzao. Lakini maumivu yao na huzuni vilipungua, hasa wale waliokuwa wamelemewa zaidi mwanzoni. Mimi naona hiyo si kidogo. Siku ya msiba una ruhusa ya kutokwenda, una ruhusa ya kutoka nje ukapunge hewa, una ruhusa ya kukosa mwezi mzima. Lakini hofu ya kifo tayari unayo, unalala nayo kila usiku na kitanda ni kikubwa, tofauti ni kwamba kule utaitaja kwa sauti na hakuna atakayekimbia.

Chagua grupu yenye mtu aliyesomea, nesi ama kaunsela, anayeweza kushika mazungumzo yakiharibika. Mtu akianza kuuza majani na poda, ama akuambie uache tamoxifen, ile dawa ya homoni, ama dawa yoyote uliyoandikiwa juu yeye aliacha na yuko sawa, toka hapo uende kwa wengine. Dawa za homoni watu huzimeza miaka mitano mpaka kumi, na zikikusumbua na ule moto wa mwili wa ghafla, daktari ndiye wa kuulizwa. Kama hiyo grupu ya kliniki haikufai, kuna Faraja Cancer Support Trust hapa Nairobi, wako tangu 2010, wanatoa ushauri nasaha na huduma za kumtuliza mgonjwa bila malipo. Kama una chama cha kina mama, wanakupenda, sikatai, lakini kwa chama utaitwa shujaa kila ukifungua mdomo, na mimi binafsi hilo neno la shujaa silipendi kwa mgonjwa, ukishaitwa shujaa huwezi tena kusema umechoka.

Bwanako. Kwa vile umemweleza, sioni mtu aliyekukimbia, namwona mtu anaogopa kukuumiza na hajui mahali pa kushika, kwa hivyo amehama kabisa. Usingoje aulize. Jioni moja watoto wakilala muite, washa taa, muonyeshe. Mwambie hapa hakuumi, hapa sisikii kitu, hapa tumboni usibonyeze, bega shika vile ulikuwa unashika. Mrudishe kitandani kwanza kwa kulala tu, weka mto katikati kama ataogopa kukugonga, hayo mengine yatafuata mwili ukikubali na daktari akisema ni sawa. Nenda naye kliniki siku ya kuangaliwa, aulize maswali yake mwenyewe, wanaume wengi wanaogopa kuuliza mbele yetu lakini daktari wanamsikiliza.

Mama mkwe alikuumiza na alikuumiza mbele za watu. Kurekebisha titi lililotolewa kwa sababu ya saratani ni sehemu ya matibabu. Marekani wana sheria tangu 1998, bima inayolipia kutoa titi lazima ilipie na kulirekebisha, kwa hivyo si wewe uliyejitungia. Lakini usiende kumhubiria, hiyo kazi si yako. Ni ya bwanako, ndiye amzungumzie mamake, na aseme sentensi moja tu, kwamba hii ilikuwa tiba na waliamua pamoja. Kama hukuwa umemwambia kwamba maneno hayo yalikuuma hivi, mwambie hiyo jioni ya taa, labda anadhani uliyasahau.

Mwili wenyewe upe muda. Wiki nane ni mapema, uvimbe unaendelea kushuka kwa miezi, umbo unaloliona leo silo la mwisho, na kuna wanaorudi baadaye kusawazisha matiti ama kutengenezewa chuchu ama kuchorwa kwa wino, si lazima, ni kwa anayetaka. Uliza kuhusu fisiotherapi kama hujapelekwa, kuna yale mazoezi ya kupandisha vidole ukutani kila siku mpaka mkono ufike juu, na kuna ya kukusaidia kunyoosha mgongo. Lakini ukiona kidonda kimekuwa chekundu na moto, kinatoa usaha ama harufu, ukapata homa, titi likibadilika rangi, mguu mmoja ukavimba na kuuma ama pumzi ikakata, hiyo si ya kungoja kliniki wala ya kuuliza grupu, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa hicho kikao, mwambie yule nesi akupe namba ya mmoja wao umpigie kabla, umwombe akungoje getini, kuingia na mtu ni rahisi kuliko kuingia peke yako. Vaa blauzi ya vifungo mbele. Ukifika ukaona huwezi kuongea, usiongee, kunywa chai uwasikilize, na ukitoka niandikie.

Shangazi